Nusu Saa Kwapani

Saa mbili na nusu usiku niliitoa jokofuni,
rafu ya juu, kando ya siagi,
nikaitia kwapani, ndani ya sweta,
nusu saa nzima, ipate joto la mtu.
Dawa baridi inauma, Raili alisema mara moja tu,
mwaka wa kwanza. Sikungoja aseme tena.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Miaka kumi na tisa.
Paja la kulia, paja la kushoto, tumbo, mkono,
kisha narudi mwanzo, kama mkulima
anayebadilisha mazao asilichoshe shamba.
Ramani yake niliichora nyuma ya kalenda ya kiwanda cha mbao.
Nilijua wapi ngozi imekuwa sugu
na wapi bado inanisamehe.

Novemba, kule Seinäjoki, Daktari Lehtovaara
alitugeuzia kioo cha kompyuta:
ubongo wa mke wangu, vipande vya kijivu,
na makovu yake meupe, yale yale,
tuliyoyazoea kama mashimo ya barabara ya kwetu.
"Hakuna jipya. Miaka kumi na mmoja hakuna jipya.
Una sitini na nne, Raili, na ini lako linalalamika.
Tunaweza kuacha."
Hatukujibu, akarudia:
"Kuacha. Kisha tupige picha baada ya miezi sita."

Nikauliza kama fundi wa matrekta anavyouliza:
injini imetulia kwa sababu ya dawa,
au imezeeka tu, haina tena nguvu ya kunguruma?
Akavua miwani.
"Kwa wengi naweza kukisia. Kwa mtu mmoja, sijui."
Nilimpenda kwa jibu hilo.
Nilimchukia njia nzima hadi Lapua.

Raili garini alipiga hesabu kwa vidole:
karibu sindano elfu tatu.
"Nimekuwa kijaruba cha pini," akacheka,
akafuta ukungu wa dirisha atazame theluji.
"Taisto, nataka kuwa mtu asiye na ratiba."

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Kimya hiki nimekilisha mara tatu kwa wiki,
sasa naambiwa nikiache na njaa
nione kama kitaamka.

Na kuna jambo sikumwambia daktari,
halina nafasi kwenye fomu:
kwamba sisi si watu wa kugusanagusana.
Baba yangu alimshika mama mkono siku ya mazishi tu, ya mama.
Mimi nilipewa sindano.
Jumatano Raili alifunua tumbo, nikahesabu hadi kumi,
na ndani ya kumi ile
tulizungumza mambo ambayo mezani hayasemeki.

Januari. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Jumatano, saa mbili na nusu, mkono wangu
umefungua jokofu wenyewe.
Siagi.
Nyuma yangu, kwenye kochi, sauti yake, ndogo:
"Mguu. Wa kushoto. Umekufa ganzi."

Ndivyo ulivyoanza, mguu huo huo,
akiwa posta, anapanga barua za Krismasi.
Aliyeumwa na nyoka, hata kamba humshtua.
Pengine ni baridi.
Pengine ameukalia.
Pengine ni yule.

Siinui simu.
Nakaa sakafuni, magoti yakilia kama bawaba,
navua soksi ya sufu,
nautia mguu kwapani, ndani ya sweta.
"Mimi si sindano," anasema.
"Nyamaza. Nusu saa."

Tunaitazama saa ya ukutani, wote wawili,
kama wanaongoja basi.
Dakika ya kumi na saba kitu kinagonga ubavuni mwangu.
Kidole gumba chake,
au moyo wangu, ulio upande huo huo.
Simuulizi.
Zimebaki kumi na tatu.